Titi la Kushoto na Titi la Kulia

Wasomaji wapenzi, kwanza naomba radhi. Neno nitakalolieleza leo si la kusemwa barazani mbele ya wakwe, wala mimi sikulelewa kulitaja. Lakini nimeona ya kuwa haya yetu imekwisha kututoza gharama kubwa, nayo wazee walikwisha kutuonya waliposema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Tena siandiki kama mtu aliyetenda vema na sasa awafundisha wenziwe. Naandika kama mwalimu aliyekosa, ambaye kosa lake lilimwangukia mtu mwingine.

Dada yangu ndiye kifungua mimba wa mama yetu, nami ni wa tano. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Nilipofika umri wa kwenda shule ya misheni yeye aliacha masomo yake, akalima mahindi na kuuza maharage ili mimi nipate daftari na nguo. Basi elimu hii niliyo nayo nusu yake ni jasho lake.

Mwaka 2021, wakati wa masika, mume wake alifariki. Miezi mitatu baadaye, alipokuwa akioga, alishika kitu kigumu ndani ya titi lake la kushoto, kadiri ya punje ya haragwe. Hakikumuuma. Alinyamaza juma zima, kisha akamwambia mke wangu, naye mke wangu akaniambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa msomi katika ukoo wetu. Nalimwita, tukaketi chini ya mwembe. Akasema, "Mdogo wangu, kitu hiki kiko upande wa moyo." Nami, badala ya kusema kwamba sijui, nikajifanya mwenye maarifa. Nikamjibu, "Dada, moyo uko kushoto, nawe umefiwa. Hiyo ni huzuni imekusanyika hapo. Ukitulia itaondoka yenyewe."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alikuwa amelima miaka mingi ili nipate kujua mambo.

Watu wengine nao walikuwa na tafsiri zao. Hapana budi mnajua jinsi tunavyoutazama upande wa kushoto. Lugha yetu yenyewe imegawanya mikono: huu mmoja ni mkono wa kuume, yaani wenye nguvu, tena ni mkono wa kulia, kwa maana ndio wa kulia chakula, ule mwingine ni wa kushoto, wala hatuutumii kumpa mtu kitu wala kupokea. Kijijini kwetu mtu akijikwaa mguu wa kushoto asubuhi, wako watakaomwambia arudi nyumbani. Basi shemeji zake walipopata habari walinong'ona kuwa ugonjwa wa kushoto kwa mjane hauji bure, na kwamba marehemu ana neno naye. Dada yangu alipoyasikia hayo, akazidi kujificha. Hivyo upande mmoja alifungwa na minong'ono ya wasiosoma, na upande wa pili alifungwa na neno la msomi, wala sioni kwamba kifungo changu kilikuwa chepesi kuliko chao.

Miezi tisa ikapita. Siku moja alikwenda zahanati kwa ajili ya homa, na muuguzi, mwanamke mwenye macho mazuri ya kazi, akaona jinsi alivyouinua mkono wake kwa shida. Akamtaka avue nguo. Punje ya haragwe ilikuwa imekuwa kama yai la kuku, na ngozi juu yake imevutwa ndani, ina vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Muuguzi hakusema maneno mengi. Aliandika barua ya hospitali ya wilaya siku ile ile. Huko walimchoma sindano, wakatoa kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka kikachunguzwe kwa darubini. Jibu liliporudi lilikuwa saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa.

Tukapelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Nyumba zile zi karibu na bahari. Wajerumani waliifungua hospitali hiyo mwaka 1897, na mwaka 1996 ikafanywa kwa sheria kuwa taasisi ya ugonjwa huu. Daktari alimwuliza dada yangu, "Mama, uvimbe huu uliuona lini?" Dada yangu akanitazama kidogo, kisha akasema, "Siku nyingi, daktari. Nalikuwa na kazi za shamba." Hakunitaja. Wasomaji, maneno yale machache yaliniadhibu kuliko fimbo zote nilizopigwa shuleni.

Ndipo nikaamua kwamba safari hii nitauliza, wala sitajifanya mjuaji. Nikamwambia daktari, "Je, ugonjwa umekuja kushoto kwa sababu ya moyo?" Hakunicheka. Akachukua kalamu, akachora kifua cha mtu, akanieleza. Mengine niliyasoma baadaye, na haya ndiyo nipendayo kuwagawia.

Mwili wa mtu kwa nje waonekana kuwa sawa pande zote mbili, lakini kwa ndani sivyo. Moyo umeelekea kushoto, ini li kulia, bandama li kushoto, na pafu la kulia lina sehemu tatu ilhali la kushoto lina mbili. Mgawanyo huu huanza mapema sana, mtoto akiwa bado mdogo mno tumboni mwa mama yake. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani walionyesha kwa panya kwamba katika mimba changa kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo huzunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto. Na mkondo ule mdogo husaidia kuamua upande upi uwe wa kushoto. Wako watu, kama mmoja katika elfu kumi, ambao viungo vyao vya ndani vimegeuka vyote, moyo ukawa kulia na ini kushoto, nao wengi wao huishi salama bila kujua.

Basi, ikiwa mwili una kushoto na kulia kwake tangu mwanzo, yafaa kuuliza kama titi la kushoto ni sawa kabisa na la kulia. Wataalamu wamehesabu wagonjwa wa nchi mbalimbali kwa miaka mingi, nao wameona jambo moja hilo hilo: saratani huonekana kushoto mara nyingi kidogo kuliko kulia. Natia mkazo neno kidogo. Katika kila wanawake 100 wenye ugonjwa huu, kama 51 huwa nao kushoto na 49 kulia. Kama wangesimama mbele yako kwa safu mbili, macho yako yasingetambua safu iliyo ndefu.

Sababu yake watu wameitafuta sana. Wengine wamesema titi la kushoto kwa wanawake wengi ni kubwa kidogo, kwa hiyo lina nyama nyingi zaidi ambamo ugonjwa waweza kuanza. Wengine wamesema mwanamke atumiaye mkono wa kuume hulipapasa titi la kushoto kwa urahisi zaidi, akauona uvimbe wake. Wengine wamefikiri habari ya kunyonyesha. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani aitwaye Lee Salk alieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya akina mama aliowaangalia walimpakata mtoto upande wa kushoto, hata wale watumiao mkono wa kushoto. Lakini sababu hii yajipinga yenyewe, kwa maana kunyonyesha hupunguza ugonjwa huu, hakuuzidishi. Mwaka 2002 habari za uchunguzi 47 kutoka nchi 30 zilikusanywa pamoja, zikaonyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha humpunguzia mama hatari kwa kadiri ya sehemu 4 katika 100. Kwa hiyo mpaka leo wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu moja.

Kuna mfano mmoja ambao sisi wakulima tutauelewa upesi. Mwaka 1889 daktari mmoja wa London, Stephen Paget, alisoma habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Aliona kwamba ugonjwa haukuenea mwilini ovyo ovyo, bali ulipenda viungo fulani kuliko vingine. Akaufananisha na mbegu na udongo: mbegu huenda kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Baadhi ya watafiti wa leo wauliza swali kama hilo kwa habari ya kushoto na kulia: je, udongo wa pande hizi mbili ni mmoja? Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba, katika uvimbe waliouchunguza, ule wa upande wa kushoto ulionyesha dalili za chembe kujigawa kwa bidii zaidi, na kwamba ulisikia dawa kidogo kuliko wa kulia. Lakini walipolinganisha maisha ya wagonjwa, tofauti ilikuwa ndogo sana. Na wako wengine waliochunguza wakaona hakuna tofauti. Daktari hampi mgonjwa dawa nyingine kwa sababu tu uvimbe wake u kushoto.

Tofauti anayoitafuta daktari kwa bidii ni nyingine. Ataka kujua uvimbe una ukubwa gani, kama umefika kwenye tezi za kwapani, na kama chembe zake zalishwa na homoni, yaani ule ujumbe ambao viungo vya uzazi hupeleka mwilini kwa njia ya damu. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1896, wakati daktari George Beatson wa Glasgow alipotangaza kwamba alipoondoa ovari za mwanamke mgonjwa, uvimbe wa titi ulinywea. Siku hizi uvimbe ulishwao na homoni una dawa yake ya kumeza kwa miaka. Uko na ule usiolishwa hivyo, nao ni mkali zaidi, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Mambo hayo hayaonekani kwa kutazama upande, hujulikana kwa kipande kile cha nyama na darubini tu. Ndiyo sababu mganga wa kupiga bao hawezi kuyajua, wala mwalimu aketiye chini ya mwembe.

Lakini ziko siku ambazo upande huwa jambo kubwa, nazo ni siku za mionzi. Dada yangu alipewa dawa za mshipa kwanza, kisha titi likakatwa, kisha ikaja zamu ya kuchomwa mionzi ili chembe zilizosalia kifuani zife. Hapo daktari alirudi kwenye mchoro wake, akaweka ncha ya kalamu juu ya moyo. Akasema, "Mwalimu, uliniuliza habari ya moyo. Moyo hauleti saratani. Ila mimi nikitibu upande huu, yanipasa kuulinda moyo, kwa kuwa u karibu na njia ya mionzi yangu."

Nalikwenda kusoma habari hii, nikaona kwamba ni kweli tupu. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark, waliotibiwa kwa mionzi kati ya mwaka 1958 na 2001. Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Waliotibiwa kushoto, mioyo yao ilipata wastani wa grei 6.6, waliotibiwa kulia walipata 2.9. Tena ilionekana kwamba kila grei moja iliyofika moyoni iliongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa sehemu 7.4 katika 100. Tangu zamani zile mashine zimetengenezwa vizuri zaidi, na madaktari hupima njia ya mionzi kwa uangalifu mwingi. Katika hospitali nyingi za ulimwengu mgonjwa wa upande wa kushoto hufundishwa kuvuta pumzi nyingi na kuizuia kidogo wakati mashine ikifanya kazi, maana mapafu yakijaa hewa moyo husogea mbali na ukuta wa kifua. Jambo rahisi kama kuvuta pumzi laweza kuulinda moyo wa mtu. Wala msiogope mionzi kwa kusoma haya. Faida yake kwa mwenye kuihitaji ni kubwa, na hatari hiyo ndiyo anayoipunguza daktari.

Tuliporudi nyumbani nilidhani mafunzo yamekwisha. Haikuwa hivyo. Mwanamke mmoja wa kwaya yetu alikuja kumpa dada pole, wakazungumza. Kabla ya kuondoka akacheka akasema, "Mimi nami nina kijiwe kama chako, lakini changu ki kulia, upande usio na moyo, kwa hiyo hakina neno." Nalikuwa nimesimama mlangoni. Nikaona maneno yangu ya chini ya mwembe yamenirudia kwa sura nyingine. Kwa maana mtu akiamini kwamba kushoto ni huzuni au laana, basi wa kushoto atajificha kwa aibu, na wa kulia atakaa kwa raha, na wote wawili watachelewa.

Dada yangu akamshika mkono. Akasema, "Mwenzangu, kesho tunakwenda wote wawili zahanati." Wakaenda. Kijiwe chake kilichunguzwa, kikaonekana si saratani, kama vilivyo vijiwe vingi vya matiti. Lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kukisia.

Sasa dada yangu yu hai. Mkono wake wa kushoto huvimba akifanya kazi nzito, kwa kuwa tezi za kwapani ziliondolewa, wala hawezi tena kubeba ndoo kama zamani. Kila baada ya miezi kadhaa arudi kupimwa. Daktari alituambia waziwazi kwamba kama tungekuja wakati wa punje ya haragwe, matibabu yangekuwa mepesi na tumaini lingekuwa kubwa zaidi. Miezi ile tisa siwezi kumrudishia. Siku moja nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mdogo wangu, hukujua." Nikasema, "Kutojua si kosa, dada. Kosa ni kwamba sikusema kuwa sijui." Akanyamaza, kisha akasema, "Basi, liandike hilo."

Nami nimeliandika. Ndugu zangu, ulimwenguni kote mwaka 2022 wanawake kama milioni 2.3 waliambiwa kwamba wana ugonjwa huu, na kama 670,000 walikufa kwa ajili yake. Hata wanaume huupata, kama nusu hadi mmoja katika kila wagonjwa 100. Hatuwezi kuzuia kila ugonjwa, lakini kuchelewa twaweza kukuzuia. Mwanamke na ayajue matiti yake yote mawili. Akiona uvimbe katika titi au kwapani, ngozi iliyovutwa au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au itoayo damu, aende zahanati juma hilo hilo, hata kama hasikii maumivu, maana uvimbe huu mwanzoni mara nyingi hauumi. Mume na asimzuie wala asimwaibishe. Na sisi walimu, tukiulizwa jambo tusilolijua, tujifunze kusema, "Sijui, twende kwa ajuaye," kisha tuondoke pamoja naye. Kama ningetembea na dada yangu mwendo wa saa mbili hadi zahanati siku ile, badala ya kumwambia habari ya huzuni, huenda angekuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia.

Jambo moja dogo la mwisho. Katika darasa langu yuko mtoto wa kike aandikaye kwa mkono wa kushoto. Kwa miaka mingi watoto kama huyo nalikuwa nikiwapiga vidole, kama nilivyoona kwa walimu wangu, ingawa Maandiko yatutajia Ehudi, mwamuzi wa Israeli, aliyekuwa mtu wa shoto, wala hakukataliwa kwa ajili hiyo. Tangu tuliporudi Dar es Salaam nimeacha. Anaandika vizuri, mistari yake imenyoka. Namwacha aandike.